Nani Kasema Haikeshi?

Wahenga walinena kuwa ngoma ya watoto haikeshi, na siku hizi usemi huo umegeuzwa kisingizio. Skuli yangoja kinanda cha msaada. Kisipofika, somo la muziki hufutwa, na mtoto apigaye kopo hukemewa kwa kupiga kelele.

Huo ni upofu. Kikonyo cha jani la mpapai kikitobolewa ni filimbi. Kifuu kikiwambwa ngozi, kikatiwa mpini na uzi, ni zeze. Matete yakishonwa na kutiwa mbegu ndani ni kayamba. Mtoto aliyeukaza uzi kwa mkono wake hahitaji kuhubiriwa kuwa uliokazwa hupandisha sauti na uliolegea huishusha: amekwisha kuisikia.

Nasi washairi tusijitoe lawamani. Twalalamika kuwa vijana hawajui mizani, ilhali twawafundisha kuzihesabu kwa vidole kabla hawajazisikia kwa sikio. Aliyezoea kutikisa kayamba huhisi mshororo uliopunguka kabla hajauhesabu.

Kinanda na kije, tutakipokea. Lakini vifuu vimejaa majikoni mwetu, na twavichoma. Tusiwalaumu watoto kwa kutokesha, ilhali ni sisi tuliowanyang'anya ngoma mapema magharibi.