Usimfukuze bawabu, rekebisha cheti

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ilinibana. Leo nina neno kwa wenzangu tunaoandika programu, ila hata wewe unayezitumia tu linakuhusu.

Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi tulikuwa na seva ya Git ya kutunzia msimbo wetu. Siku moja cheti cha usalama cha seva hiyo kikabadilishwa. Ukiifungua kwa kivinjari, hakuna tatizo. Lakini Git ikakataa katakata, ikidai haimtambui aliyekitia cheti saini. Haikupita saa moja, barua pepe ikazunguka: kila mtu aandike amri hii, kazi iendelee.

git config --global http.sslVerify false

Na kazi ikaendelea kweli. Mimi pia niliiandika, sijifichi. Nilikuja kuikuta bado imo kwenye kompyuta yangu muda mrefu baada ya kuihama ofisi ile.

Sasa tazama tulichofanya. Amri hiyo haiiambii Git iamini seva yetu. Inaiambia isikague cheti cha seva yoyote, popote. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya mkahawa, mtu akijipenyeza katikati anaweza kujifanya seva yako, akachukua nywila yako, au akakupa msimbo aliouchafua. Nawe utauingiza kwenye programu ya mteja bila kujua. Ni sawa na kumfukuza bawabu wa geti kwa kosa la kumdai mgeni kitambulisho!

Tatizo lilikuwa wapi basi? Kwenye seva. Kwa kawaida mamlaka kuu ya vyeti haikitii saini cheti chako moja kwa moja. Kuna cheti cha kati kinachowaunganisha. Seva yetu ilikuwa ikituma cha kwake peke yake. Vivinjari vingi hujitafutia kile cha kati. Git haifanyi hivyo.

Dawa ni mstari mmoja. Ukitumia certbot, elekeza seva kwenye fullchain.pem, si cert.pem. Ukinunua cheti, unganisha faili hizo mbili, cha seva kikitangulia.

Usiniambie habari ya gharama; Let's Encrypt wanatoa vyeti bure tangu 2015. Na kama mna mamlaka yenu ya ndani, wekeni cheti chake kwenye kila mashine. Kwa Ubuntu, kinakili ndani ya /usr/local/share/ca-certificates/ kikiwa na jina linaloishia .crt, kisha andika sudo update-ca-certificates.

Rai yangu ni hii: anayesimamia seva arekebishe mara moja, badala ya ofisi nzima kufumba macho. Nawe leo, kabla hujafunga kompyuta, andika:

git config --global --unset http.sslVerify

Git ikigoma kesho asubuhi, usiilaumu. Mpigie simu mwenye seva.