Viti Maalum: Haki ya Wanyonge, Si Urithi wa Wateule

Mwananchi anayefika Chukwani, kusini ya Mji Mkongwe, na kuketi kusikiliza mijadala ya Baraza la Wawakilishi, huwakuta ukumbini wajumbe waliopita milango mbalimbali. Wapo waliochaguliwa majimboni, wapo walioteuliwa na Rais, na wapo wanawake walioingia kwa viti maalum, ambao kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar idadi yao ni asilimia 40 ya wajumbe wa majimbo. Juu ya viti hivyo umezuka mnong'ono maofisini na katika vyumba vya walimu kwamba ni sadaka, na kwamba mwenye uwezo angekwenda jimboni. Mnong'ono huo wahitaji kujibiwa hadharani.

Wanaonong'ona wamesahau historia. Baraza la Kutunga Sheria lililoundwa na wakoloni mwaka 1926 liligawa viti vya wasiokuwa maofisa wa serikali kwa misingi ya kabila: Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja. Mwafrika, aliyekuwa ndiye mwenye jembe na mwenye kubeba mizigo bandarini, hakupata hata kiti kimoja hadi mwaka 1946. Hakuna bwana mkubwa aliyeuita mgao ule sadaka. Uchaguzi wa kwanza ulipofanyika mwaka 1957, mwanamke wa Zanzibar hakuruhusiwa kupiga kura. Alisubiri hadi 1961. Aliyefungiwa mlango kwa sheria hawezi kuambiwa leo kwamba kufunguliwa kwa sheria ni kupendelewa.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Serikali ya Mapinduzi nayo ilitumia mgao ili kuigeuza mizani iliyopinda. Hata nafasi za skuli za sekondari ziligawiwa kwa kufuata uwiano wa makabila. Mgao ule haupo tena, na hilo ni funzo kubwa: dawa hupewa mgonjwa kwa kipimo na kwa muda.

Hapa ndipo ukweli mchungu unapopasa kusemwa. Mbeleko ni ya mtoto asiyeweza kutembea. Mjumbe anayebebwa kipindi baada ya kipindi, asiyewahi kukanyaga jimboni kuomba kura, anaidhulumu haki ile ile iliyomwingiza. Akikaa yeye miaka yote, binti wa Makunduchi au wa Micheweni aliye nyuma yake anafungiwa mlango kwa mara ya pili, na safari hii anayemfungia ni mwanamke mwenzake. Nafasi ya umma ikianza kugawiwa kwa udugu na urafiki, ubwanyenye unarudi kupitia dirishani baada ya kutolewa mlangoni.

Walimwengu wametuonya. India ilitenga viti vya bunge kwa watu wa matabaka yaliyodharauliwa katika Katiba yake ya mwaka 1950, kwa nia kwamba miaka kumi ingetosha. Muda huo umeongezwa kila muongo, na sasa umefikishwa hadi 2030. Huko Bangladesh, asilimia 30 ya ajira za serikali zilitengewa wapigania uhuru wa 1971, kisha watoto wao, kisha wajukuu. Shukrani ya taifa ikageuka urithi wa ukoo. Mwaka 2024 vijana waliingia barabarani, mamia wakauawa, na tarehe 5 Agosti serikali ikaanguka. Mahakama ya Juu ilikwisha kuupunguza mgao ule hadi asilimia 5, lakini ilikuwa imechelewa.

Wapo watakaosema: basi na sisi tususe, tujaze barabara. Zanzibar imekwisha kuipima njia hiyo. Baada ya uchaguzi wa 1995 wawakilishi wa CUF walilisusia Baraza, na waliowachagua wakabaki bila msemaji. Januari 2001 maandamano yaliishia katika vifo, na hakuna upande wenye haki ya kujivunia msiba ule. Kilicholeta nafuu ni mazungumzo: Muafaka wa 2001, maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambamo asilimia 66.4 ya wapiga kura waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais nayo ni mgao, uliowekwa ili aliyeshindwa asitupwe nje.

Hata hivyo uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016 ulisusiwa. Hakikupatikana chama cha pili chenye asilimia 10 ya kura za Rais, na nafasi ile ikabaki tupu hadi Disemba 2020. Wahenga walisema, ukisusa wenzio wala. Waliokosa sauti hawakuwa viongozi peke yao. Walikuwa ni maelfu ya wananchi wa kawaida.

Njia iliyo sawa ipo, na imekwisha kupitwa. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi kwa kiti maalum mwaka 2000. Mwaka 2010 alikwenda Makunduchi kuomba kura za ubunge, akapewa, na tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kiti kilikuwa ngazi, naye akaipanda.

Chama hakina budi kujikosoa na kuifanya njia hiyo kuwa kanuni: vipindi viwili vya kiti maalum, kisha jimboni au kupisha. Mwalimu aliyeko darasani anajua kwamba mwanafunzi asiyehitimu humzibia mwenzake dawati. Mtumishi wa serikali anajua kwamba kiti cha ofisi si mali ya anayekikalia. Wawili hawa wasinong'one tena. Waseme kwenye mikutano ya matawi yao, na wasikubali kunyamazishwa. Haki ya wanyonge italindwa na wanyonge wenyewe, au itageuzwa urithi wa wateule.