Bima ya Uzee Isomwe Mapema

Wapo ndugu zetu wasemao Kiswahili waliozeekea Marekani, na wengine wanawatunza wazazi wao huko. Kwao tuna neno moja: kadi ya Medicare si ufunguo wa makazi ya wazee.

Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, hulipia hospitali na daktari. Mtu akiisha kulazwa siku 3 au zaidi, yaweza kulipia uuguzi wa kitaalamu, usiozidi siku 100. Lakini kodi ya chumba, chakula, na mtu wa kumsaidia mzee kuoga na kuvaa katika makazi hayo, hailipi hata senti moja. Medicaid, ya watu wa kipato kidogo, katika majimbo mengi husaidia gharama ya huduma tu. Chumba na chakula ni juu ya mzee.

Imebaki bima ya binafsi ya utunzaji wa muda mrefu. Hiyo kwa kawaida hulipa pale mzee anaposhindwa mambo 2 kati ya 6: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kujizuia haja na kuinuka kitandani, au akili zinapompotea. Hata hapo hungojwa siku, mara nyingi 90. Na aliyekwisha kuugua aghalabu hakubaliwi.

Wengine huona haya kumwuliza mzazi habari za fedha. Sisi twasema haya iliyo kubwa zaidi ni siku ya kuhama, watoto wanapotazamana nani atalipa. Karatasi na isomwe leo, mzee angali aweza kuuliza mwenyewe.