Usalama Kazini na Nyumbani: Moto wa Visimani



Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja akaaye katika kambi ya askari. Mumewe amepangiwa lindo mahali panapochimbwa visima vya mafuta, upande wa Ziwa Albert. Mama huyo auliza mambo mawili. Moto ukizuka pale, mume wake, ambaye hakufundishwa kazi ya mitambo, afanye nini? Na wao waliobaki nyumbani wajifunze nini? Maswali haya ni ya haki, wala sidhani kuwa ni yake peke yake.

Habari ya mafuta nchini Uganda si ngeni. Kisima cha kwanza kilichimbwa Waki, karibu na Butiaba, mwaka 1938. Mafuta ya kutosha kwa biashara yaligunduliwa mwaka 2006, na mwaka 2023 uchimbaji wa visima vya uzalishaji ulianza katika maeneo ya Kingfisher na Tilenga. Kwa hiyo vijana wetu wengi, wachimbaji na walinzi, wamejikuta wakifanya kazi karibu na hatari ambayo baba zao hawakuijua.

Moto, kama chungu, hukaa juu ya mafiga matatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto au cheche. Ukiondoa figa moja, chungu huanguka. Katika eneo la kuchimba, hewa haiwezi kuondolewa. Yabaki mawili: kuizuia gesi isitoke, na kuizuia cheche isikutane nayo.

Tuanze na gesi. Mafuta na gesi vilivyo chini ya ardhi vimebanwa kwa nguvu nyingi. Wachimbaji hushusha kisimani tope maalumu, zito kuliko maji. Tope hilo hupoza keekee, hupandisha vipande vya mwamba, na kwa uzito wake huikandamiza gesi ibaki chini. Uzito huo ukipungua kuliko nguvu ya gesi, gesi huanza kupanda. Nayo haiji bila kubisha hodi. Tope lirudilo juu huzidi lile lililoshushwa, kiasi cha tope matangini huongezeka, na pampu zikizimwa kisima huendelea kutoa. Dalili ya mvua ni mawingu. Mchimbaji mwerevu akiona mojawapo ya dalili hizo hangoji ya pili. Husimamisha kazi na kufunga vali kubwa za dharura zilizoko mdomoni mwa kisima. Vali hizo sharti zipimwe mara kwa mara, maana kifaa kisichojaribiwa siku ya amani hakiaminiki siku ya vita.

Figa la cheche lina milango mingi: sigara, kiberiti, simu ya mkononi, waya uliochunika, nyundo ya chuma. Fundi wa kuchomea vyuma haruhusiwi kuwasha chombo chake mpaka apate kibali cha maandishi, hewa ya mahali pale ipimwe, na mtu asimame kando na mtungi wa kuzimia moto. Wengi hawajui kuwa hata injini ya dizeli yaweza kuivuta gesi iliyo hewani, ikakimbia kwa kasi ya ajabu, wala isizimike kwa kufunga swichi. Ndiyo maana magari huegeshwa mbali.

Sasa nitasimulia mkasa mmoja. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, chombo cha kuchimbia kiitwacho Deepwater Horizon kilikuwa na watu 126. Kisima kilikuwa kimekaribia kukamilika. Wakuu wa kazi walikipima nguvu, wakayasoma vibaya majibu ya kipimo, wakaendelea kuondoa tope zito na kuweka maji ya bahari mahali pake. Gesi ikapanda, ikatanda juu ya chombo, ikawaka. Vali ya dharura haikuweza kukiziba kisima. Watu 11 walipoteza maisha, na baada ya siku mbili chombo kikazama.

Katika uchunguzi uliofuata, fundi mmoja alitoa ushahidi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimewekwa kisilie chenyewe, kwa kuwa wakubwa hawakutaka watu waamshwe usiku kwa sababu ya kengele za uongo. Wahenga walinena: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ni heri kuamshwa mara kumi bure kuliko kukosa kuamshwa mara moja ya kweli.

Na sasa nimrudie askari wetu wa lindo. Afande, kazi yako si kuuzima moto wa kisima. Kazi yako ni kuona, kuarifu na kuokoa maisha, ukianza na yako. Siku ya kwanza ufikapo, uliza mambo manne: king'ora hulia vipi, mahali pa kukusanyika ni wapi, njia ya pili ya kutokea ni ipi, na nani apigiwe simu. Kisha kila uingiapo zamu, tazama mfuko wa upepo uliotundikwa juu ya mlingoti, ujue upepo waelekea wapi.

Ukisikia harufu kama ya mayai yaliyooza, usiifuate ili kujua itokako. Gesi hiyo ni sumu. Ikizidi huiua pua isisikie tena, ukadhani imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imekuzunguka. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni na mashimoni. Toa taarifa, ondoka ukikingamisha upepo, kisha uelekee kule uvumako, nawe upande mahali pa juu. Usiwashe gari. Mwenzako akianguka ndani ya gesi, usimkimbilie bila chombo cha kupumulia, la sivyo watahesabiwa wawili.

Moto mdogo wa takataka au kitambaa waweza kuukabili kwa mtungi, ikiwa mgongo wako unaelekea njia ya kutokea. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, kamua, kisha fagia huku na huku. Mafuta yanayowaka usiyamwagie ndoo ya maji. Maji huzama chini yake, huchemka ghafula na kuyarusha. Nao moto wa gesi usiuzime kabla gesi haijafungwa, kwani itajikusanya kimya na kulipuka kwa nguvu kubwa zaidi. Nchini Kuwait, mwaka 1991, visima zaidi ya 600 vilichomwa moto na majeshi ya Iraq yaliyokuwa yakirudi nyuma. Kuvizima kulichukua miezi, hadi Novemba, tena kwa mikono ya mafundi waliobobea. Kazi kubwa ya askari na polisi ni kuwazuia watu wasisogee. Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa sababu lori la mafuta lilipinduka nao wakakimbilia kuchota.

Nawe mama uliyeniandikia, mafiga hayo matatu yako pia jikoni mwako. Nguo za kazi zenye mafuta zifuliwe mbali na jiko, zisianikwe juu ya makaa. Petroli isiwekwe chumbani mnamolala. Gesi ya kupikia ikivuja hutambaa sakafuni: fungua milango, funga mtungi, usiguse swichi ya taa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala samli. Watoto wajue kwa moyo namba 999 na 112, za kuwaita polisi na zimamoto.

Mumeo akija likizo, mketishe umwulize: mahali pa kukusanyika ni wapi, na njia ya pili ni ipi? Akijibu bila kusita, lala usingizi. Akisita, mwambie aulize siku ileile atakaporudi kazini.

Mpaka juma lijalo, kaeni salama.