Kinanda Hakiulizwi Dini

Jumapili iliyopita, kwenye kanisa moja la mabati mtaani kwetu, kinanda kilikuwa mikononi mwa kijana mkimbizi kutoka Kongo. Watu walicheza hadi vumbi likapanda. Ibada ilipoisha akapewa nauli na "Mungu akubariki", kisha mzee mmoja akauliza, "Huyu naye atarudi kwao lini?" Nilichoka kabisa.

Swali hilo ni la zamani sana. Twende Uingereza, mwaka wa 1581. Malkia Elizabeth wa Kwanza ni Mprotestanti, Misa ya Kikatoliki imepigwa marufuku, na sheria mpya inasema asiyehudhuria kanisa la serikali alipe pauni 20 kila mwezi. Hiyo si faini, ni kumfilisi mtu mchana kweupe.

Mwaka uliofuata Peter Philips, Mkatoliki aliyeimba utotoni kwenye kwaya ya St Paul's, London, akatoroka. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, rika letu hili. Roma akapata kazi ya kupiga ogani kwenye chuo cha Waingereza wenzake walio uhamishoni, halafu baadaye akahamia Antwerp.

Mwaka wa 1593 alifunga safari hadi Amsterdam, mji wa Waprotestanti, kumwona mpiga ogani Jan Pieterszoon Sweelinck. Akiwa njiani kurudi akakamatwa, eti amepanga njama ya kumuua Malkia. Alifungwa The Hague hadi ikabainika hana hatia. Fitina tu.

Lakini muziki wake ulipita. Sweelinck alichukua pavana ya Philips, yaani ngoma ya mwendo wa pole, akaiandika upya kwa mtindo wake. Huyo Sweelinck ndiye aliyewafundisha vijana wengi kutoka Ujerumani, nao wakarudi kwao na ujuzi huo.

Mbona muziki upite pale mwenyewe alipofungiwa mlango? Nadhani ni kwa sababu kinanda hakina maneno. Ukisikia wimbo wa Misa unajua ni wa akina nani. Vidole havisomi katekisimu.

Sisemi wakimbizi wote ni malaika. John Bull, mpiga kinanda hatari, alitoroka Uingereza mwaka wa 1613 akidai ni mambo ya dini. Wakubwa wa kwao wakasema anakimbia kesi ya uzinzi. Antwerp haikungoja mabishano yaishe: ilimpa ogani ya kanisa kuu. Desemba 1621, miezi miwili baada ya Sweelinck kufariki, Bull aliandika kipande kilichojengwa juu ya muziki wa marehemu. Mkatoliki akimlilia mpiga ogani wa mji wa Waprotestanti.

Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo najua uchungu wa kupimwa kwa karatasi ambayo huna. Wachungaji na mapadri wetu, mnamtaka kijana huyu kila Jumapili. Basi mlipeni kama fundi, si kama ombaomba. Na sisi vijana tukae karibu naye tujifunze, kwa sababu siku akiondoka, atakwenda na vidole vyake.

Na yule mzee? Wakati mwingine aulize, "Huyu ametufundisha nini?"