Zawadi Isiyomfunga Mpokeaji

Mkristo anayeadhimisha kuzaliwa kwa Yesu huadhimisha tendo la kutoa, kwa kuwa mafundisho ya umwilisho, yaani imani kwamba Mungu alitwaa mwili wa kibinadamu na kuishi miongoni mwa watu, yanamhusu mtoaji aliyeuacha ukuu wake ili awe maskini pamoja na wale aliowapa. Hoja hiyo, ambayo Paulo aliitumia katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho alipowahimiza wawachangie waumini maskini wa Yerusalemu, inaweka kipimo kigumu kuliko kiasi cha fedha, kwani inauliza mtoaji anasimama wapi anapotoa: juu ya mpokeaji au kando yake.

Jibu moja lilitolewa Novemba 2024, pale Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alipoagiza kurejeshwa kwa shilingi milioni 2.6 ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa siku iliyotangulia katika kanisa la Soweto, Nairobi, na akalikataa pia basi lililoahidiwa. Jimbo hilo linazijumuisha kaunti za Nairobi na Kiambu, hivyo parokia za Thika na Ruiru, miji ya Kiambu, zimo chini ya msimamo uo huo. Wapo walioliona agizo hilo kuwa mwendelezo wa mvutano wa kisiasa, kwa sababu maaskofu walikuwa wametoa tamko kali dhidi ya serikali siku chache kabla, nao hawakukosea kabisa. Lakini ndani yake mlikuwa na fundisho la zamani, kwamba kanisa lisilo huru kumkosoa aliyelichangia limekwisha kununuliwa. Ni rahisi kuisifu hatua hiyo kutoka mbali. Mwanakwaya wa Soweto aliyekuwa amepiga hesabu ya sare mpya kwa fedha hizo huenda aliiona kwa jicho jingine.

Tatizo halikuanzia kwa rais huyo wala halitaishia kwake. Harambee, desturi ya kuchangishana fedha na nguvu kwa mradi wa pamoja ambayo Jomo Kenyatta aliifanya mwito wa taifa mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi nchini, lakini kadiri wanasiasa walivyozidi kualikwa kuwa wageni wa heshima ndivyo mchango ulivyogeuka deni la kulipwa kwenye debe la kura. Anayewalaumu wanasiasa peke yao, hata hivyo, hulisahau kundi kubwa zaidi linalofanya jambo lilo hilo kwa kiwango kidogo: familia, chama au kampuni inayofika katika makao ya watoto wiki ya Krismasi ikiwa na unga, mafuta ya kupikia na bango lenye jina lake, kisha ikawapanga watoto nyuma ya bidhaa hizo wapigwe picha kabla hawajazigusa. Kila mtoto katika picha hiyo amelipa kwa uso wake. Katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo Yesu anaikemea sadaka inayotangazwa kwa tarumbeta, na tarumbeta ya sasa ni simu.

Simu hiyohiyo imeibadilisha hata sadaka ya kawaida. Kapu lililopitishwa ibadani liliificha noti ya mtoaji miongoni mwa noti nyingine, ilhali sadaka inayotumwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, huacha rekodi ya kiasi na ya mtumaji. Rekodi hiyo humsaidia mweka hazina kuzuia wizi, na haifai kudharauliwa, ila humwezesha pia mchungaji kujua nani alitoa nini, ujuzi ambao mchungaji mwenye busara hujinyima kwa kuiacha orodha mikononi mwa wahasibu.

Kosa jingine ni la kalenda. Paulo, katika sura ya mwisho ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, aliagiza kila muumini aweke kitu akiba siku ya kwanza ya juma kulingana na mapato yake, na huo ni utoaji wa mpango usiotegemea msisimko wa sikukuu. Katika mtaa kama Kiandutu mjini Thika, unga uliogawanywa kabla ya Desemba 25 huwa umekwisha shule zinapofunguliwa Januari, mwezi ambao Wakenya wameupachika jina la Njaanuari kwa sababu mshahara umeshaliwa huku ada, sare na kodi ya nyumba zikidaiwa kwa pamoja. Jeshi la Wokovu, kanisa la Kiprotestanti lenye muundo wa kijeshi, lilianzisha shule ya watoto wasioona mjini Thika mwaka 1946, na shule ya namna hiyo haiendeshwi kwa zawadi za wiki moja. Mila za Wagikuyu nazo zilikuwa na itega, ambapo wanawake walimwendea mama aliyejifungua wakibeba kuni na chakula, kila mmoja akijua kwamba zamu yake ya kuletewa ingefika.

Desemba 26, wakati wengi wanaimalizia nyama ya jana, makanisa mengi yanayofuata kalenda ya kiliturujia, yaani mpangilio wa sikukuu za ibada, humkumbuka Stefano shahidi. Kabla ya kuuawa, Stefano alikuwa mmoja wa watu saba waliochaguliwa Yerusalemu kusimamia ugawaji wa chakula baada ya wajane wa Wayahudi waliozungumza Kiyunani kusahauliwa, kama inavyosimuliwa katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani, jambo linalowafanya wafafanuzi wengi waamini kwamba usimamizi ulikabidhiwa upande uliolalamika.

Ruiru, mji uliokuwa na watu zaidi ya 490,000 katika sensa ya 2019, umejaa wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi, wengi wao wakiwa hawana ukoo mtaani wa kuwasemea wanapokwama. Kamati ya misaada ya kanisa inapojazwa wenye nyumba za kukodisha, aliyeshindwa kulipa kodi hulazimika kuomba unga kwa mtu anayemdai. Kwa kuufuata mfano wa Yerusalemu, viti vingi vya kamati hiyo vingekaliwa na wapangaji, wajane na mabawabu wa usiku, na hesabu ya kilichogawanywa ingesomwa mbele ya waumini wote, kwanza Desemba 26 na tena mwishoni mwa Januari.