Unyago Usiwe Mwisho wa Shule

Katika Lukuledi na vijiji vingi vya Masasi na Newala, msichana akishachezwa unyago huhesabiwa kuwa amekua. Hutolewa kwa ngoma na vigelegele, akavishwa nguo mpya, na tangu siku hiyo huitwa mtu mzima. Lakini mara nyingi mtu mzima huyo bado hajamaliza darasa la saba.

Wapo watumishi wanaodhani kuwa dawa ni kupiga unyago marufuku. Fikra hiyo haifai. Wazee watajibu kwamba mwacha mila ni mtumwa, nao watasikilizwa. Na unyago utaendelea mafichoni. Historia ya Masasi yenyewe ni funzo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, hakuwakataza waumini wake jando, bali aliligeuza likapatana na imani yao. Kama mila iligeuzwa wakati ule, inaweza kugeuzwa leo, mradi makungwi na wazazi washirikishwe.

Yanayotakiwa si mengi. Unyago ufanyike wakati wa likizo. Mtoto mdogo asiingizwe pamoja na dada yake kwa ajili tu ya kupunguza gharama. Fedha za korosho zisiishie zote kwenye sherehe, sare na madaftari yakakosa mnunuzi. Na kungwi amfunze mwali kwamba kukua si kuolewa.

Sheria nayo imekwisha kusema. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa vinapingana na Katiba. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 nao uliwafungulia mlango wa kurudi shuleni wasichana waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito.

Hata hivyo, waraka uliolala kwenye faili haumrudishi mtoto darasani. Hapana budi mwalimu mkuu amfuate msichana huyo nyumbani na kuzungumza na wazazi wake. Na mtendaji wa kijiji anayekubali mimba ya mwanafunzi imalizwe kienyeji, kwa fedha kidogo mkononi mwa baba, ajue kwamba ameshiriki kumwuza mtoto aliyekabidhiwa kumlinda.